Malkia wa Misri Sebuleni Kwangu

Mume wangu Anuari anakusanya sanamu za Misri. Si zile za makaburi ya mafarao, ni zile ambazo mafundi wa Kairo waliwatengenezea watalii miaka mia iliyopita, naye anazifukua kwenye mitumba ya Mchikichini. Paka wake sikumjali. Mende wa jiwe nilimvumilia. Lakini mwezi huu kaniletea mwanamke: kichwa cha malkia, cha shaba, kimekaa juu ya shingo ndefu yenye maringo.

Siku hizi akirudi kutoka dukani kwake Kariakoo, salamu yangu anaitikia kwa mgongo. Anaenda moja kwa moja kumfuta vumbi yule bibi, tena kwa kanga yangu!

"Tazama midomo hiyo, Hajira," ananiambia.

Midomo! Na pweza wangu wa nazi anapoa mezani.

Leo nikasema basi. Nikavua kipini changu puani, nikakibandika kwa gundi kwenye pua ya malkia, nikakaa kumsubiri mwanamume.

Anuari aliingia, hata viatu hajavua, akashtuka.

"Nani kamharibia pua?"

"Kwani ana nini?"

"Huoni? Kavishwa kipini!" Akakibandua taratibu kwa ukucha, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akaninyooshea. "Kizuri, lakini. Dhahabu kabisa. Umekiokota wapi?"

Nikakipokea. Nikakirudisha puani huku ananitazama, pale pale kilipokaa tangu siku ya harusi, alipokileta yeye mwenyewe.