Omba Ruhusa kwa Mzazi

Mustafe Abshir aliichukia intaneti hadharani na kuipenda faraghani. Katika soko la mifugo la Garissa hukununua mbuzi kwake bila kupigwa hotuba: simu zimewaharibu mabinti, na baba asiyeifunga simu ya mwanawe ni baba wa jina tu. Hotuba ikiisha, alijitenga nyuma ya zizi la ngamia, akavaa miwani na kufungua ule ukurasa wa wachumba alikompata Idman.

Idman alikuwa mjane wa Ijara, mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo. Alitaka kabla ya Ijumaa atumiwe jina la mshenga atakayekuja kumposa kwa niaba ya Mustafe, la sivyo yuko mwanamume mwingine anayengoja. Hibo, mke wa Mustafe, hakujua lolote. Mustafe alikuwa amepanga ajue baada ya nikaha, wakati kelele zake hazitatengua kitu.

Mustafe huyo huyo ndiye aliyesikia kwamba kampuni ya simu sasa inawasaidia wazazi kuchuja mambo machafu kwenye laini za watoto. Siku hiyo hiyo akamkokota bintiye Qali hadi dukani. Qali ana miaka kumi na tisa, na kosa lake lilikuwa kuonekana akicheka peke yake huku ameshika simu.

"Hii mtoto, funga yeye bicha mbaya yote," Mustafe alimwambia Galgallo, kijana wa kaunta. "Hata ile si mbaya sana, funga."

"Laini iko kwa jina ya nani, mzee?"

Hapo alimgusa kidonda. Mustafe hana kitambulisho. Mwaka mmoja wa ukame, akiwa kijana, alijiandikisha Dadaab kama mkimbizi ili apate mgao wa unga na mafuta, na alama za vidole vyake hazijatoka huko mpaka leo. Kwa serikali yeye ni mkimbizi kutoka nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Basi laini yake, kama ile ya Qali, imesajiliwa kwa jina la Qali, na ni Qali aliyegeuziwa skrini.

"Aabo," Qali alimwambia baba yake, "hapa wanasema mzazi ni yule mwenye kitambulisho, sasa..."

"Bonyeza."

"Lakini laini yako wameiweka upande wa..."

"Nimekuleta ubonyeze, sikukuleta usome. Kusoma ndiko kulikokuharibu."

Qali akabonyeza kila alipoambiwa abonyeze. Galgallo aliliona kosa, akautazama uso wa mzee, akamwita mteja mwingine. Hakuajiriwa kubishana na wazee.

Alhamisi alasiri Mustafe alikaa sebuleni akijiona mwanamume kamili. Jina alikuwa nalo: binamu yake Guleid angekwenda kumposea. Akafungua ukurasa. Mahali pa Idman palikuwa na dubu wa katuni akimpungia mkono, na chini ya dubu maneno haya: "Pole, rafiki mdogo. Ukurasa huu haufai kwa umri wako. Omba ruhusa kwa mzazi."

Alizima simu, akaiwasha. Dubu alikuwa bado anapunga. Kesho ilikuwa Ijumaa, na Mustafe aliingiwa na hofu hasa, hofu ya mtu anayeona ng'ombe wa watu wakiondoka na mwanamume mwingine. Kulikuwa na kitufe kimoja tu. Hakujiuliza huyo mzazi ni nani, ilhali baba yake na mama yake walizikwa zamani. Akakibonyeza.

Jikoni, simu ya Qali ikalia.

Qali alikuja akasimama mlangoni, simu mkononi. Nyuma yake mama yake, Hibo, alikuwa akikanda unga wa sambusa.

"Aabo, laini yako inaniomba ruhusa ya kufungua ukurasa."

Jasho lilimtoka Mustafe mpaka kwenye ndevu alizozipaka hina kwa ajili ya Ijara. "Ni wa bei za ng'ombe," alisema. "Kubali."

"Bei za ng'ombe hazijafungwa, aabo."

"Ukurasa gani huo?" Hibo aliuliza.

Qali alimtazama baba yake kwa heshima yote aliyofundishwa. "Sijui, hooyo. Aabo amenikataza kusoma. Kazi yangu ni kubonyeza."

Hibo, ambaye kila siku huwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma, alikung'uta unga mikononi.

"Lete hapa," alisema. "Nitasoma mimi."