Ngamia Aliyetoka Ukutani

Siku ya kuingia bure katika ngome ya zamani ya askari wa kikoloni, iliyo kando ya barabara ya kwenda Habaswein, watu walipanga foleni kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, soda kwa wakubwa wa serikali na maji kwa wengine. Msimamizi wa ngome, kijana wa Garissa aitwaye Khalif, alivaa tai. Aliwaonyesha watu mzinga, mnara wa zamu na zizi ambamo mifugo ya wafugaji waliopigwa faini ilifungiwa.

Hapo zizini ndipo ngamia jike alipotoka ukutani. Alitanguliza shingo, akasubiri nundu ipite, kisha akavuta miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine. Ndama wake alifuata, ana chokaa masikioni. Khalif alisogeza kamba ya kuzuia wageni ili awapishe, akaendelea kueleza unene wa ukuta.

Mzee Bishar alitazama alama ya moto shingoni mwa ngamia.

"Huyu ni wetu," alisema. "Askari walimchukua nikiwa mtoto. Mimi ndiye niliyemkamua. Mwaka ule tulimzika ndugu yangu mdogo, aliyekufa kwa njaa."

"Awowe," Khalif alisema, kwa heshima anayopewa babu, "alama hiyo ni ya ukoo mzima. Mwenyewe anaweza kuwa yeyote."

"Basi mkamue wewe."

Khalif alikunja mikono ya shati. Alivuta, akabembeleza, akavuta tena. Ngamia alimtemea mate kwenye tai.

"Wallahi hakujui!" Muslimo, muuza chai wa langoni, alipiga kelele. "Mwonyeshe barua yako ya kazi!"

Bishar alimwacha ndama anyonye kidogo. Kisha akasimama kwa mguu mmoja, kibuyu juu ya goti la pili, akaimba kwa sauti ya chini wimbo wa nyumbani kwao. Maziwa yalishuka, yakapanda povu hadi ukingoni. Wakubwa wa serikali waliacha soda wakaomba vikombe.

"Ni wako," Khalif alikubali, akifuta mdomo. "Hilo sina ubishi nalo."

"Nipe kamba nimwongoze nyumbani."

"Hapana, awowe. Tangazo linasema kuingia bure. Kutoka na kitu cha ngome hakuruhusiwi siku yoyote."

"Basi nipe ndama."

"Ndama ni sehemu ya maonyesho."

Wakubwa wa serikali walitikisa vichwa kwa huruma, wakaomba waongezewe maziwa.

Kesho yake kiingilio kilirudi. Bishar alifika langoni na kibuyu chake. Khalif, aliyekuwa amekwisha kumnywesha ngamia maji, alimwomba kitambulisho ili amtoze bei ya raia. Bishar alieleza kwamba cha zamani kilipotea, na maombi ya kipya yalikuwa bado yanachunguzwa, maana ofisi haijaridhika kwamba yeye ni wa hapa. Khalif alisikitika kwa dhati.

"Karibu Kenya, Bishar," Muslimo alisema, akimmiminia chai. "Huko kwenu Ulaya mvua imenyesha?"

"Imenyesha," Bishar alijibu. "Lakini ngamia wetu wako huku."

Akalipa bei ya wageni kutoka ng'ambo, akaingia kukamua.