Wanyama Wenu Hao

Kila asubuhi, Antonia akikamua ng'ombe, Mwalimu Senteu husimama kando ya michongoma akipiga mswaki. Ndiye mpangaji wao. Alihamia na gunia la vitabu na shuka moja la Kimasai alilopewa na shangazi yake. Shuka hilo lilitosha. Kijiji kizima, hapa ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, kikamwita Moran.

"Sopa, Moran!" humsalimu Mzee Piusi, jirani yao.

"Shikamoo, mzee," hujibu Senteu, povu mdomoni.

Hata Antonia hakuwa tofauti na wenzake. Tangu Mmasai ahamie uani kwao, alikuwa analala usingizi wa pono. Fisi gani angethubutu?

Asubuhi moja maziwa yalikuwa yakichuruzika ndooni, mara ng'ombe akarusha teke, ndoo ikapinduka. Antonia akainua macho. Ukungu ulikuwa umefunguka, na katikati ya mahindi ya Mzee Piusi alisimama tembo jike, mtoto wake chini ya tumbo.

Nyayo zao alizizoea. Wenyewe, mchana kweupe, karibu hivi, hakuwahi kuwaona. Ngozi ya yule mama ilikuwa na mikunjo iliyojaa udongo mwekundu, kama makorongo ya Karatu baada ya masika. Alikula taratibu, kama mwenye shamba. Antonia alisahau kuogopa.

Majirani wakaanza kupiga madebe. Tembo hata hakugeuka.

"Moran! Kazi yako hiyo!" aliita Mzee Piusi. "Wanyama wenu hao, mmekua nao. Sisi Wairaqw tunajua jembe tu!"

Watu wakacheka. Mzee akamtia fimbo yake mkononi.

Senteu aliitazama ile fimbo. Akaingia kwenye mahindi.

Hapo ndipo Antonia alipoona mswaki. Ulikuwa bado katika mkono wake wa kushoto, ukitetemeka. Mungu wangu, huyu hajui lolote, tumemtuma akafe! Alitaka kupiga kelele, akahofia kumshtua tembo.

Tembo akatandaza masikio. Madebe yakanyamaza. Mkonga ukanyooka hadi karibu na uso wa Senteu, ukavuta pumzi ndefu, polepole, kama mama anayenusa utosi wa mtoto mchanga. Hakuna aliyepepesa jicho. Kisha yule mama akamgusa mwanawe, wakageuka, wakazama ukunguni kimya kimya, miili mikubwa vile, kama vile hawakuwahi kuwapo.

Vigelegele vikapasuka.

"Nilisema mimi!" Mzee Piusi alirukaruka. "Damu ni damu! Wakirudi tunamtuma yeye yeye. Madebe ya nini tena?"

Senteu alikuwa ameketi juu ya mabua yaliyokanyagwa. Angenyamaza tu, angekuwa shujaa wa kijiji maisha yake yote, mpaka siku tembo mwingine asipogeuka. Antonia akampelekea maji, akachutama mbele yake.

"Mwalimu," alinong'ona, "waambie."

Senteu alikunywa, meno yakigonga kikombe. Akainuka, akamrudishia Mzee Piusi fimbo kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, mimi ni mtoto wa Ngarenaro, Arusha mjini. Baba yangu ni fundi cherehani. Tembo nimemwona leo kwa mara ya kwanza, na nimeogopa kuliko ninyi nyote. Wakirudi, msinitume. Nipeni debe, tupige pamoja."