Vumbi Kwenye Kaseti ya Gloire

Jumanne saa tatu asubuhi Noëlla Mbayo aliingia kwenye duka la kompyuta la Papy, pale Manika karibu na soko, fulashi ikining'inia shingoni na karatasi iliyokunjwa mara nne mkononi. Kwenye karatasi alikuwa ameandika anachokitaka: memori giga thelathini na mbili, diski ya haraka, kadi ya picha isiyochoka, na skrini isiyodanganya rangi. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Kwa miaka tisa alikuwa akipiga video za arusi, kuanzia Kapata alikokuwa akiishi mpaka mwisho wa mji, na hakuna bibi arusi wake hata mmoja aliyetoka na uso wa rangi ya chungwa. Wapiga video wengine wa Kolwezi hawawezi kusema hivyo, na Noëlla aliwakumbusha kila alipokutana nao.

Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa Jumapili, bibi arusi akiwa bado anakata keki kwenye skrini. Na Jumamosi inayokuja ilikuwa siku ya kaseti ya Gloire.

Kaseti zenyewe zilikwisha zamani, jina tu ndilo lililobaki. Wiki mbili baada ya arusi familia zote mbili hukaa mbele ya televisheni moja, mapazia yameshushwa, kila mtu anajitafuta. Aliyeonekana alikuja. Asiyeonekana hakuja, hata kama alitafuna nyama mpaka mifupa ikalia. Kuna wakwe ambao hawasalimiani mpaka leo kwa sababu shangazi fulani alikatwa. Ndiyo maana Noëlla hakati mtu. Kapata nzima inalijua hilo, naye anajua kwamba inajua.

Papy alimwekea mashine mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ya kusimama, nyeusi, yenye taa za buluu. Nyingine ilikuwa ya kukunja, ya kijivu, nzito kama sufuria ya bukari, ule ugali wa kwetu.

"Chukua hii kubwa, mama Noëlla. Iko na nguvu."

"Na courant ikikatika?"

Papy akamsogezea ile ya kukunja, yenye batri yake. Bwawa la Nzilo liko hapo karibu tu, lakini umeme wake huanzia migodini, na Kapata hupewa unaobaki.

Noëlla hanunui mashine kabla ya kuipa kazi. Alichomeka fulashi, akafungua picha za arusi ya Gloire, akahesabu wageni ukumbini. Hicho ndicho kipimo chake: picha ikiwa nzuri, hata mstari wa nyuma unahesabika. Kwenye mashine ya kusimama alipata wageni mia mbili na kumi na wawili. Kwenye ile ya kukunja alipata mia mbili na kumi na watatu. Alirudia mara ya pili na ya tatu, hesabu ikawa ile ile.

Wa mia mbili na kumi na tatu alikuwa Ruffin, kaka ya Gloire. Alivaa kofia ya mchimbaji, taa ya kipaji inawaka, na vumbi jekundu limemfunika mpaka kwenye kope.

"Hii moja inaongeza mutu," Noëlla akasema.

Papy akainama, akatazama. "Ni batri," akasema. "Kobalti yake ni ya huku kwetu. Zile zingine, mi sijue banaweka nini."

"Garanti?"

"Mwaka moja."

Akaichukua.

Huyo Ruffin alikuwa ameingia shimoni mwezi wa tatu pamoja na wenzake wanane, na udongo ukawashukia. Ofisi ya mgodi ilibandika liste mlangoni, yaani orodha ya waliokuwa ndani, nayo ilikuwa na neno moja: hakuna. Shimo, walisema, lilikuwa limefungwa tangu wiki iliyotangulia, na mtu haingii kwenye shimo lililofungwa. Kwa kuwa hapakuwa na mtu, hapakuwa na wa kufukuliwa. Hakuna maiti, hakuna matanga. Mama yake, mama Brigitte, alibaki na kilio chake kifuani, hana ruhusa ya kukitoa. Jambo moja tu alilitaka duniani, jina la mwanawe liandikwe kwenye ile karatasi.

Aliyeiandika ni karani wa ofisi, ambaye kila mtu humwita kwa heshima tata Mukalay. Mwezi wa nane Gloire akaolewa na mpwa wa tata Mukalay huyo huyo. Arusi haichagui wakwe.

Kwa desturi ya familia yao, kaka ndiye anayemshika dada mkono na kufungua dansi. Siku ya arusi Gloire aliingia peke yake, mkono wa kuume ameunyoosha pembeni, vidole vimekunjwa, haushiki kitu. Wageni walidhani ni mtindo. Mbele kulikuwa na kiti kitupu, na mama Brigitte alikuwa amemwambia Noëlla, "Upige na kiti yake." Noëlla alikipiga sekunde kumi na moja bila kutikisika, na msidhani ni jambo dogo, kamera begani namna ile.

Sasa kwenye skrini ya kijivu mkono wa Gloire ulikuwa umeshikwa, na kiti kilikuwa na mwenyewe.

Ilibaki programu ya kukatia. Papy alimpa mbili aende nazo nyumbani. Ya kwanza inafanya kila kitu yenyewe: inakata, inapaka rangi, inaweka muziki, inasafisha. Ilimaliza arusi nzima kwa dakika arobaini, na Noëlla si mchoyo wa sifa, alikiri kwamba ilikuwa nzuri. Kisha akahesabu. Mia mbili na kumi na wawili. Mkono wa Gloire ulikuwa mtupu tena, na chini ya skrini kulikuwa na maandishi: vumbi limeondolewa.

Ya pili ilikuwa ya bure, ngumu, yenye vitufe vingi kuliko akordioni, na haikuondoa chochote ambacho hujakionyesha kwa kidole chako. Ingemla siku nne. Noëlla akaifuta ile ya kwanza, akachemsha chai, akaketi.

Taa ya Ruffin ilimpa kazi. Kila alipogeuka ilimwunguza bibi arusi usoni, na Noëlla aliipunguza picha moja baada ya nyingine, kwa mkono. Batri haikushuka muda wote Ruffin alipoonekana. Alipotoka nje ya picha ndipo ilipoanza kupungua. Asubuhi alipangusa vumbi jekundu kwenye vitufe, akaendelea.

Alhamisi, habari za lile vumbi zikiwa zimeshatoka dukani kwa Papy, tata Mukalay alifika kwa taksi-moto, shati limepigwa pasi.

"Mama Noëlla, nilisikia kuko programme inasafisha."

"Iko, tata."

"Utumie ile. Arusi ni kintu safi. Na mwezi inakuya ofisi iko na fete kubwa. Beko banakufikiria weye kwa kupiga video."

Ile fete, sherehe ya ofisi nzima, ingempa jina mpaka mji wa Likasi, naye alilitaka jina hilo, asidanganye mtu. Alimsogezea mgeni kikombe cha chai.

"Tata, nikisafisha ile vumbi, nakata mutu. Mi sikati mutu."

Tata Mukalay akanywa chai mpaka mwisho, akaaga kwa adabu.

Jumamosi sebule ya mama Brigitte ilijaa mpaka mlangoni. Watu walijitafuta, wakajiona, wakachekana. Kwenye televisheni Ruffin akaingia, amemshika dada yake mkono, bega la kushoto likitangulia kama alivyocheza siku zote. Nyuma yake, nje ya dirisha la ukumbi, taa nyingine nane zilikuwa zimesimama kwa mstari. Wale hawakualikwa, wakabaki nje kwa heshima.

"Ile vumbi yote," shangazi mmoja akanung'unika. "Si angeoga mbele ya kuja?"

"Alitoka kazi moja kwa moja," mama Brigitte akasema. Kisha akaongeza, "Alikonda."

Picha zilipokwisha alimgeukia mkwe wake. "Tata Mukalay, ulimuona mutoto yangu?"

"Nilimuona, mama. Alicheza muzuri."

"Basi umuandike."

Tata Mukalay alifikiri kidogo. Akamwomba Noëlla nakala moja ya kaseti, kwa ajili ya ofisi, na Noëlla akampa, kichwa juu. Hilo ndilo kosa lake, na lilitoka kwenye fahari yake. Kazi nzuri haifichwi.

Jumatatu liste mlangoni pa ofisi ilikuwa bado na neno lake, hakuna. Chini yake waliongeza karatasi nyingine, na picha iliyotolewa kwenye kaseti. Mama Brigitte alifika pamoja na Noëlla, amevaa kitenge chake cha sikukuu, akamwomba amsomee.

Noëlla akasoma: Ruffin, aliyedaiwa kufia shimoni mwezi wa tatu, ameonekana mwezi wa nane akicheza kwenye arusi ya dada yake. Yuko hai. Mashahidi, familia mbili.

"Basi siwezi kumulilia tena," mama Brigitte akasema.

"Hauwezi, mama."

Hasira ilimpanda Noëlla. Chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokionea aibu, lakini hakukiacha. Alisogea karibu na picha. Hata kwenye karatasi yao mbaya rangi ilikuwa imekaa sawasawa, na mkono ulionekana wote.

"Unaona vidole, mama?"

Mama Brigitte akainamisha uso. "Naviona. Bitano byote."

Walisimama pale mpaka mlinzi akawaomba wapishe mlango. Picha ingalipo. Mlinzi hawashi tena taa ya mlangoni jioni. Ile ya Ruffin inamtosha.