Tumbo la Kwenye Simu

Fausta alipoweka ndoo yake kwenye foleni ya bomba, Mama Tluway aliinua ya kwake akaisogeza kando. Akaufuta ukingo wake kwa kona ya kanga, pale ndoo mbili zilipogusana, kisha akatazama upande wa mashamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu hakuna mtu mwingine wa kuchota maji?"

"Nipo mimi. Bibi anaumwa magoti."

"Basi subiri wenzako wamalize."

Akasubiri. Wanawake waliokuja nyuma yake walichota wakaondoka. Hakuna aliyemtukana. Mke wa katekista, ambaye mumewe kila Jumapili hukemea mila za zamani, alimsogelea kidogo, si sana, akamwambia kwa upole, "Usikasirike, mwanangu. Ni kwa ajili ya mifugo yetu tu."

Ndipo Fausta akajua kwamba picha imetoka kwenye simu za vijana ikafika kwa mama zao.

Ilianza na gemu ya mpira. Simu aliinunua mwenyewe kwa kitunguu saumu cha msimu mmoja, na jioni akishakamua ng'ombe alicheza akiwa ameegemea ukuta wa zizi, mahali mtandao unapopatikana pale kijijini Masieda. Isidori, mwenye banda la gemu huko Haydom, alipoanzisha ligi ya mtandaoni, Fausta aliingia kwa jina la Jembe. Akashinda, akashinda tena. Kwenye grupu la wachezaji walimsifu: "Jembe, wewe ni mwanaume!" Hakuwasahihisha. Sifa zile zilimkaa vizuri moyoni.

Nusu fainali ilichezewa bandani, kwenye televisheni kubwa, watu wakiangalia. Alipoingia na sweta lake la bluu akasema Jembe ndiye yeye, banda zima lilimgeukia. Kijana mmoja tu, Onesphory, alisimama akampisha kiti. Fausta akamfunga Sebastiani, aliyekuwa bingwa, mabao matatu kwa sifuri.

Kabla hajafika nyumbani grupu lilikuwa limeshawaka.

"Kumbe tulikuwa tunafungwa na sketi!"

"Aliyemfundisha kushika pedi ya gemu alimfundisha na nini kingine?"

"Mwambieni arudi akasonge ugali, baba yake ana njaa."

Baba yake alikuwa amekufa zamani. Fausta alijibu mara moja tu: "Njooni mnifunge." Siku iliyofuata ikaja picha. Ni yeye kabisa, ameketi kando ya televisheni ile, na sweta la bluu limejaa tumbo la mimba kubwa. Chini yake waliandika: Jembe ana zawadi. Baba ni nani? Pigeni kura. Na watu walipiga kura, hata wale ambao hajawahi kucheza nao.

Namba iliyoituma haikuwa na jina wala sura. Fausta alisikiliza upya sauti zote za grupu, akitafuta kicheko kitakachomfichua mtumaji. Vyote vilifanana. Lakini kulikuwa na ujumbe mmoja wa Onesphory, aliomwandikia pembeni: "Pole sana dada kwa ile picha. Watu ni wabaya." Ule ulifika asubuhi, yeye akiwa bado anakamua. Picha ilikuja mchana.

Akampigia.

"Ulinipa pole kabla ya picha. Ulijuaje?"

"Mtandao wa huko kwenu, dada. Unachelewesha vitu."

"Njoo basi uwaambie wazee kwamba picha ni ya kutengeneza."

"Nikija watasema mimi ndiye baba."

Huenda alisema kweli. Huenda kile kiti alimpa ili ampige picha vizuri. Fausta alikaa na simu mkononi, akashindwa kuamua.

Isidori naye alisema ni utani. "Fausta, mdogo wangu, sisi kwenye gemu tunataniana hivyo hivyo. Nikimfukuza mmoja wataondoka wote, nifunge banda. Wewe toka tu kwenye grupu."

"Na fainali?"

"Si unaona mwenyewe hali ilivyo? Sebastiani atacheza badala yako."

Kituoni, askari alimsikiliza huku akiitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kwani wewe binti," akauliza, "ulifuata nini kwenye grupu la wanaume?"

Wazee walikuja Jumamosi. Walibaki nje ya uzio. Bibi Marieta aliwapelekea viti, kisha chai. Viti wakavikataa, na chai ikapoa kwenye birika. Mzee Margwe ndiye aliyesema. Mwaka ule bibi alipozidiwa, ni mzee huyo aliyemlaza kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe akampeleka hospitali, akatembea kando yake mvua ikinyesha. Bibi hakusahau. Ndiyo maana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Binti, sisi hatukuchukii. Lakini msichana akibeba mimba nyumbani bila mume, anatoka. Anakaa ng'ambo ya mto mpaka mambo yaishe. Hachoti maji na watu, haingii nyumba ya mtu, mifugo isije ikadhurika. Hiyo ndiyo mila ya metimani. Hata mimi nilikaa mbali na watu, mwanangu alipofariki. Si adhabu."

"Babu, sina mimba. Nimepimwa zahanati." Fausta akamnyooshea karatasi.

"Weka chini."

Akaiweka kwenye nyasi. Mzee aliinama akaisoma bila kuigusa, midomo ikitembea.

"Ile picha, unasema ni ya uongo?"

"Ndiyo, babu. Imetengenezwa kwa simu."

"Mtu anaweza kutengenezewa tumbo ambalo hana?"

"Anaweza."

"Basi na karatasi inaweza kutengenezwa."

Hakusema kwa hila. Alimtazama kama mtu anayengoja kujibiwa.

"Ninalala naye kitanda kimoja," bibi akasema. "Ningejua mimi."

"Marieta, dada yangu, nani amshitaki mjukuu wake?"

"Na miezi ikipita asizae, mtamwomba radhi?"

Mzee mwingine akacheka kidogo puani. "Watoto wa siku hizi wana vidonge."

Bibi alimmiminia Fausta chai ile iliyopoa, akamwacha anywe nusu, akachukua kikombe hicho hicho mbele ya macho yao akamalizia. Wazee wakatazama chini.

Kibanda alichopelekwa Fausta kilikuwa ng'ambo ya mto, karibu na barabara ya kwenda Haydom. Mtu aliweka maboga mawili na kuni mlangoni usiku wa kwanza, akaondoka bila kubisha. Fausta aliyatazama maboga yale mpaka jua likachomoza vizuri. Huko nyuma angeshukuru. Sasa alijiuliza mtu huyo anataka nini.

Mchana alitoka kusimama kando ya barabara, aone watu wakipita. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, ukaingia chini ya kanga yake ukaijaza mbele. Pikipiki iliyokuwa inatoka Haydom ikapunguza mwendo. Abiria akainua simu.

Fausta akaikandamiza kanga tumboni kwa mikono yote miwili, ilale, waone kwamba hakuna kitu. Akaishikilia hivyo, viganja vimetulia juu ya tumbo, mpaka akakumbuka ni wanawake gani husimama hivyo.

Pikipiki ilikuwa imeshaondoka. Abiria alikuwa ameinama nyuma ya dereva, anaandika.