Hatupimi kwa Simu

Juu ya cherehani ya Fundi kulikuwa na kibao kimoja tu, alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya kucha iliyokuwa inakaribia kukauka chupani: HATUPIMI KWA SIMU. Kilikuwa na historia yake. Bibi harusi mmoja aliwahi kumpigia na kumtajia kiuno alichokuwa akikitamani badala ya kile alichokuwa nacho, na siku ya siku gauni likagoma kufungwa mgongoni mbele ya mashahidi. Tangu hapo Fundi aliapa. Mwenye mwili alete mwili. Hata mama mkwe wake, aliyeishi naye chumba kwa chumba, akitaka kupunguziwa sketi alisimamishwa katikati ya nyumba mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

"Mwili wenyewe unauona kila siku," mama mkwe alilalamika.

"Nauona, mama, lakini sijaupima."

Mtu pekee ambaye mwili wake ulikuwa mbali na futi ya kupimia ya Fundi alikuwa mumewe.

Baba Kidoti alikuwa kwenye kambi ya bomba kwa mwezi wa kumi na moja sasa. Bomba lenyewe ni lile kubwa linaloshusha maji kutoka milimani, na kazi yake ilikuwa kulisikiliza. Watu wakiambiwa hivyo hudhani wanataniwa, lakini ndiyo kazi hasa. Kabla hakujapambazuka, upepo ukiwa bado umelala, anatembea kando ya bomba na fimbo ya chuma, anaikita juu yake, anaweka sikio kwenye ncha ya pili na kusikiliza kama kuna mahali maji yanapumua pasipotakiwa. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili spana. Taa haina mkono wa kuishika, kwa hiyo inakaa kichwani.

Kila Jumapili alipanda kwenye jiwe lililokuwa na mtandao na kupiga simu nyumbani. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi juu ya mdomo wake, alikuwa anatambaa baba yake alipoondoka. Sasa alikuwa anakimbia na kusema maneno kama kumi, na mojawapo lilikuwa "baba". Kwake, baba ilikuwa simu. Ikiita, alisema, "Baba analia." Ikiwekwa kwenye chaji, alisema, "Baba anakula." Kabla ya kulala aliibusu kwenye kioo, na Fundi akafuta mate kwa upindo wa kanga.

"Nitafutie taa nyingine, mama Kidoti," mumewe alimwambia Jumapili moja. "Hii ya kambini imenishinda. Ukitaka kuizima, kwanza upitie mwanga mkali, mwanga mdogo, mwekundu, halafu ule wa kumetameta. Wenzangu sasa wananiita Disko."

Fundi alicheka. Yeye pia alicheka, halafu akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Juzi ilijiwasha yenyewe ndani ya mfuko. Alfajiri betri zilikuwa zimekwisha. Nikateleza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Goti tu."

"Na likizo yako?"

Upepo wa jiweni ulivuma ndani ya simu. "Zamu hii ilikuwa yangu. Ila kuna kijana mkewe anajifungua, nikamwachia. Mwezi ujao, nadhani."

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alimwachia mwenye mama mgonjwa, mara ya pili mwenye kesi ya shamba. Mama mkwe, aliyekuwa anasikiliza huku akijifanya anachambua mchele, alitikisa kichwa. "Mwanangu ana huruma na kila nyumba isipokuwa yake. Kuomba kitu chake mwenyewe hajui. Hata nilipokuwa namnyonyesha alikuwa anasubiri nikumbuke."

Kesho yake Fundi alimbeba Kidoti ubavuni wakaenda kwa muuza vifaa anayeitwa Dhamana. Jina hilo alijipatia kwa sababu kila alichokiuza, hata msumari mmoja, alikiuza kwa neno hilo. Duka lake lilikuwa refu na jembamba, ndoo zikining'inia darini, harufu ya mpira na mafuta ya mashine. Dhamana alimpangia taa nne juu ya meza kama anayepanga mahari.

"Hii, shemeji, ina mianga saba. Unachaji kwa waya wa simu. Dhamana mwaka mzima."

"Kambini hakuna umeme."

"Basi hii. Hushiki kitufe. Unapunga mkono tu mbele yake, inawaka." Alipunga, ikawaka. Kidoti akapunga, ikazima. Dhamana akapunga, Kidoti akapunga, mpaka ikawa wanabishana wawili hao, na taa haijui imsikilize nani.

"Huko kuna matawi na majani," Fundi alisema. "Kila tawi likipita litamzimia."

Kutoka kwenye mkoba alitoa glavu nene za ngozi, kama zile anazovaa mumewe kazini, alizoazima kwa mchomeleaji wa jirani. Alizivaa, akafumba macho, akaanza kupapasa taa moja moja kutafuta mahali pa kuwashia. Alikuwa anajua vizuri kwamba mtu hujua kitu chake kwa vidole. Yeye mwenyewe aliweza kutunga uzi umeme ukiwa umekatika. Vitufe vya taa zile vilikuwa vidogo kama punje ya mtama, na ndani ya glavu havikuwepo kabisa.

"Shemeji," Dhamana alisema akiegemea meza, "unanunua taa au unachumbia?"

"Ningekuwa nachumbia ningekuwa na haraka."

Dhamana alicheka hadi akakohoa, kisha akainama chini ya rafu na kuibuka na boksi lenye vumbi. "Ipo hii. Ya kizamani. Haina mbwembwe, nimeshindwa kuiuza. Betri tatu ndogo, zile za kila duka. Kichwa chake unakizungusha: kulia inawaka, kushoto inazima. Basi, imeisha."

Fundi aliizungusha akiwa na glavu. Ilikuwa na meno ubavuni kama kifuniko cha chupa, ikazunguka kwa ukaidi kidogo, ule wa kitu kisichoweza kujiwasha chenyewe mfukoni. Aliomba ndoo ya maji. Dhamana alimtazama, akaleta. Aliitumbukiza ikiwaka, akahesabu hadi mia huku Kidoti akichungulia mwezi uliozama. Ikatoka inawaka. Akaiachia idondoke sakafuni, kutoka kifuani, mara mbili. Dhamana alifumba macho mara zote mbili.

Mwisho aliomba aingie stoo, nyuma ya mabati, ambako mchana haukufika. Aliivaa juu ya kilemba, akazungusha kulia. Mwanga ulitulia ukutani, duara moja pana, bila tundu jeusi katikati. Alipogeuza kichwa, nao uligeuka. Kila alichotazama kilikuwa ndani yake. Akajikuta anawaza kwamba hivi ndivyo mumewe anavyoona: hatua tatu za mbele, na zaidi ya hapo, giza. Na sisi, alijiuliza, tuko upande gani?

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia, na hakulifukuza mara moja. Taa nzuri ilikuwa ruhusa ya kuendelea kukaa. Akimpelekea ile ya kupunga mkono, itamsumbua wiki mbili, atachoka, labda hapo ndipo atakapojifunza kuomba. Akiipeleka hii, atasema asante, atatembea vizuri, na zamu ya nne atamwachia mtu mwenye jino bovu. Halafu akakumbuka "goti tu", akaizima, akatoka.

"Nipe hii," alisema. "Na betri sita."

Nyumbani aliugeuza mkanda wa taa na hakuupenda. Lastiki ilikuwa ngumu, ya aina inayochubua, na paji la uso la mumewe lilikuwa jepesi kutoka vipele. Halafu kulikuwa na kibano cha kuongeza na kupunguza, na kibano, kwa Fundi, ni kifaa cha kumvalisha mtu usiyemjua. Alifumua kila kitu. Alichukua gauni la Kidoti la alipokuwa mchanga, pamba laini lenye maua ya njano, akakata mkanda mpya, maua kwa ndani yaguse ngozi, kitambaa cha kaki kwa nje. Bila kibano. Ukae wenyewe, kama kola nzuri.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Alifungua daftari. Mtaa mzima ulikuwa humo, makalio ya mwalimu mkuu, mabega ya muuza nyama. Mumewe alikuwa na ukurasa wake: kifua, shingo, mikono, kiuno cha kabla ya ndoa na cha baada. Kichwa hakikuwepo. Hakuwahi kumshonea kofia.

"Mama," aliuliza, "unakikumbuka kichwa cha mwanao?"

"Kichwa hicho nilikipima mara moja tu," mama mkwe alijibu, "na naomba nisikumbushwe."

Walicheka, kisha Fundi akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akanyoosha miguu, akafumba macho. Jioni za zamani, akirudi kutoka kazini, mumewe alikuwa akijilaza sakafuni na kuweka kichwa kwenye mapaja yake huku yeye akishona vifungo. Akimaliza kifungo alikishika kile kichwa kwa mikono miwili, kukisogeza ili aufikie mkasi. Sasa aliinua mikono hewani, taratibu. Vidole vyenyewe vilijua pa kusimama. Alihisi nywele nene zinazochoma viganja, kile kifundo nyuma ya sikio la kushoto, ule uzito.

"Pitisha futi, mama," alisema bila kufumbua macho. "Usiniguse, nitakipoteza."

Mama mkwe alipitisha futi kuzunguka mikono ile iliyoshika kitu kisichokuwepo. Hakutania. "Inchi ishirini na tatu na nusu," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Ijumaa taa iliondoka na dereva wa lori la vyakula vya kambi. Jumapili baba alilia, na Kidoti akamletea mama yake simu.

"Imefika," alisema mumewe. "Mama Kidoti, hii ni taa. Jana alfajiri imeangukia mtoni nikaifuata kwa mwanga wake mwenyewe. Glavu sivui tena. Jina la Disko limekufa. Na haya maua ya ndani, nimeyajua."

Fundi alishika meza. "Mkanda unakaa?"

Kicheko kilianza mbali, kikakaribia. "Unakaa puani. Nikiinama, shingoni. Nimeubana na pini."

"Haiwezekani. Nilipima."

"Ulipimaje?"

"Nilipima," alirudia.

"Nywele nilinyoa, mke wangu. Zote. Huku maji tunayalinda, lakini ya kuogea ni ya kugombania. Tangu mwezi wa tatu niko kama yai. Na nimekonda kidogo."

Fundi alitazama viganja vyake. Alikuwa amepima kichwa cha mwaka jana. Miezi yote hii alikuwa akikitamani kichwa ambacho hakikuwepo tena mahali popote, na kile kilichokuwepo, chenye upara na upepo wa jiweni, hakuwahi kukigusa. Akafanya anachofanya fundi akishindwa: akashika kazi.

"Chukua uzi," alisema. "Zungusha juu ya masikio, weka alama, pima kwa rula ya ofisini, unitajie. Nitashona mwingine, utaondoka na lori la Ijumaa."

"Lakini fundi," alisema mumewe, "hapo kwako si kuna kibao?"

Fundi aliinua macho ukutani.

"Nilimwendea msimamizi jana," aliendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. "Nimeivaa hivyohivyo, imenishuka puani. Nikamwambia, mkuu, taa haikai, lazima nifike kwa fundi. Akaniuliza, fundi gani huyo wa mbali hivyo. Nikamwambia, ni yule asiyepima kwa simu." Alivuta pumzi. "Alicheka sana. Halafu akaniuliza mara ya mwisho nilitoka lini, nikamtajia, akaacha kucheka. Kanipa siku tisa. Nakuja na lori likirudi Alhamisi. Na safari hii simwachii mtu."

Mama mkwe alikuwa ameacha mchele na kusimama mlangoni. "Anasemaje?" aliuliza kwa midomo.

"Anasema analeta kichwa," Fundi alijibu, na sauti ikamvunjikia katikati ya neno.

Simu ilipokatika aliiweka mezani, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mumewe. Chini ya kiuno cha baada ya ndoa aliandika "Kichwa", akaweka nukta mbili, akaacha wazi. Kisha akafikiri, akaongeza "Kifua" upya, na "Mabega" upya, yote wazi. Orodha ikafika chini ya ukurasa.

Nyuma yake Kidoti alikuwa ameivuta futi kutoka kwenye cherehani na kuizungusha kwenye simu, mzunguko baada ya mzunguko, kwa umakini mkubwa, ulimi ukiwa nje.

"Baba," alieleza.

Fundi alimpakata, futi na simu na vyote. Alikuwa na siku nne za kumfundisha neno lingine la kuita simu.