Maziwa ya Mzee Bisogo

Mafigo ya Mpano yalikuwa yamekufa zamani, lakini hayakuwa na adabu ya kutulia. Yaliipandisha presha yake hadi dawa zote zikashindwa, na mara mbili alianguka mlangoni pa kliniki ya Baraka alipokwenda kusafishwa damu kwa mashine.

"Tutayatoa yote mbili," daktari alimwambia Iriza, mke wa Mpano. "Mashine itaendelea na kazi. Lakini hatakojoa tena, mama. Kila kitu atakunywa kitabakia mule mwili mpaka siku ya mashine. Kopo moja kwa siku. Ukipitisha, maji itamuzamisha."

Mzee Bisogo, baba yake Mpano, aliukataa upasuaji huo katakata, kwa simu kutoka kwake Bibokoboko mlimani. Mwanamume bila mafigo, alisema, ni gunia tupu. Iriza akatia sahihi peke yake. Mpano akapasuliwa Bukavu, presha ikashuka, akarudi Baraka akicheka tena.

Jumamosi moja mzee akashuka mlimani na mchungaji wa kanisa lao, mkononi kibuyu kikubwa cha maziwa. Eti amekuja kusamehe. Ng'ombe wa Mpano alikuwa amezaa, na kwao anayekataa maziwa aliyoletewa na baba yake ameukataa ukoo. Habari za kopo moja alizijua vizuri, Iriza alimweleza kwa simu, lakini kiburi kilikuwa kimemziba masikio.

"Kunywa," akasema. "Ao ule munganga mwenye alikupasua njo baba yako?"

"Baba, atakufa!" Iriza akaropoka.

Mchungaji akainamisha uso, maana mkaza mwana haingilii maneno ya mkwe. Mpano akatabasamu kama mtoto aliyesamehewa viboko, akanywa. Akajaziwa tena, akanywa, hadi kibuyu kikaisha.

Jumapili alfajiri alianza kutweta. Kliniki ilikuwa imefungwa, muuguzi wa mashine yuko Uvira. Mpano alizama kitandani pake, palepale nchi kavu, akimshika Iriza mkono.

"Usiambie baba," alimsihi. "Atajisikia vibaya."

Makaburini mzee alipaza sauti mbele ya watu wote. "Kisu njo kilimuua. Na mwenye alitia sahihi ni huyu."

Macho yote yakamgeukia Iriza. Hasira ikampanda, akasahau alichoombwa.

"Hapana, baba. Ni maziwa yako."

Mzee hakupepesa hata jicho.

"Basi alikufa akiwa mutoto wangu, hakukataa ukoo," akasema, kisha akauliza kama chai iko tayari nyumbani.